Kiti Nilichompisha Askwith

Rowland Askwith aliiongoza nchi hii miaka kumi na miwili, na katika muda wote huo sikumsikia hata mara moja akisema kwamba amekosea. Nilimjua kabla hajawa mtu wa kupigiwa saluti. Tuliingia Bungeni kwa uchaguzi mmoja, mimi nikitokea kiwanda cha sufu cha Skelbrough na masomo ya jioni ya kanisani kwetu, yeye akitokea chuo kikuu ambako hata nyasi zina mtumishi wake. Siku ya kwanza tulikaa benchi moja. Aliazima kwangu ratiba ya kikao, akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni mwake. Sikuiona tena. Mwenye akili angejifunza siku ile ile, lakini mimi nilimpenda. Alikuwa anachekesha, na alikuwa haogopi mtu.

Basi akapanda kama moshi wa dohani. Akawa naibu waziri, akawa waziri wa reli, akawa wa fedha, na yule mzee aliyemtangulia alipougua, akawa Waziri Mkuu. Alishinda chaguzi tatu. Aliivuka migomo ya wachimba makaa, aliivuka pauni ilipoporomoka, na mawaziri aliwabadilisha kama soksi. Mimi nilibaki benchi la nyuma, chama kile kile, kiti kile kile. Hakunipa wadhifa, nami sikumwomba. Mke wangu Edith, Mungu amrehemu, alikuwa akisema, "Huyo rafiki yako anakukumbuka kama mwavuli, siku ya mvua tu."

Mwisho ulipofika, ulifika kama unavyofika kwetu. Mawaziri wake waliingia ofisini mwake mmoja mmoja, kila mmoja akamwambia kwa heshima kwamba yeye binafsi anampenda ila wenzake wamemchoka. Jioni alikuwa nje. Piers Lathom, kijana aliyemlea mwenyewe kisiasa, akaingia mahali pake. Askwith alirudi benchi la nyuma kukaa nasi, akiwa hajui kuita teksi wala kupiga simu bila kuunganishiwa. Mara ya kwanza nilipomchukua kwa gari langu dogo, alifungua mlango wa nyuma akakaa peke yake kule nyuma, akaanza kusoma gazeti.

Sasa nieleze jambo lenyewe.

Katika mwaka wake wa mwisho madarakani, Askwith alitia saini mpango wa kuzifunga wodi za wazazi katika hospitali ndogo za mashambani. Hesabu zilionyesha kwamba wanawake wanaozaa huko ni wachache, na kwamba wangehudumiwa vizuri zaidi katika hospitali kubwa. Ya kwetu Skelbrough ilikuwamo. Mjamzito wa kwetu angepelekwa Marsby, ng'ambo ya mlima, kwa barabara ambayo Januari hufunikwa na theluji hata kondoo wakapotea. Aliyetia saini alikuwa London karibu na moto. Aliondolewa kabla muswada haujafika Bungeni, lakini Lathom aliukuta mezani, akauleta kama ulivyo.

Binti yangu Hester alikuwa na mimba ya pili, na mkunga alimwambia ategemee kujifungua Januari. Mtoto wake wa kwanza alikuja haraka mno. Uchungu ulimwanza akiwa anamenya viazi, na viazi havijaiva mtoto akawa ameshalia. Kama wodi ingefungwa wakati wa vuli kama ilivyopangwa, Hester angezalia njiani, mlimani, ndani ya gari la wagonjwa, kama gari lenyewe lingepita. Nililiombea jambo hilo asubuhi na jioni. Baadaye nikaona Mungu amenisikia vya kutosha, sasa ilibaki kutafuta kura.

Katika chama chetu walikuwapo wabunge kama ishirini waliouchukia muswada ule lakini wakawaogopa wanadhimu, wale wanaosimamia kura za chama. Aliyewasemea alikuwa Morag Rennie, mwanamke wa Uskoti, mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Alinishika kwenye ngazi.

"Mzee Sugden," aliniambia, "mkamate rafiki yako. Akisimama yeye aliyeupanga akasema alikosea, sisi tunapata pa kupita. Tutasema hata mwenyewe ameukana."

"Na asiposema?"

"Tutainamisha vichwa tuipigie Serikali kura. Na kuna jambo moja zaidi. Akisimama kumchapa Lathom, ndiyo basi kabisa. Sisi hatuendi kupigana vita vya kisasi cha babu."

Kwa hiyo wodi ya Skelbrough ilitegemea neno moja, na neno lenyewe lilikuwa kinywani mwa mtu ambaye hajawahi kulitamka. Nilimfuata kwenye chumba cha chai. Alikuwa anapaka siagi mkate wa zabibu uliochomwa, akiangalia kama kuna anayemwangalia.

"Rowland, kesho useme sentensi moja tu. 'Mpango ulikuwa wangu, na nilikosea.' Kisha ukae."

"Hiyo si hotuba, bwana. Hiyo ni telegramu."

"Basi peleka telegramu."

"Enoch, Waziri Mkuu hasemi kwamba alikosea. Anasema hali imebadilika."

"Wewe si Waziri Mkuu."

Alikoroga chai ambayo alikuwa ameshaikoroga. "Na Lathom je? Kile kitoto nilikifundisha hata kufunga tai."

"Usimguse."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ukimgusa tumekwisha."

"Wewe ungekuwa mnadhimu mzuri sana. Sijui kwa nini sikukupa hiyo kazi."

"Hata mimi sijui, Rowland. Utasema au hutasema?"

"Nitasema. Nimekuahidi." Akauma mkate. Mimi ahadi zake nazijua, nilizigawa nyumba kwa nyumba katika chaguzi tatu.

"Na uje asubuhi uweke kadi," nikamwambia.

"Kadi gani?"

Hapa nieleze kidogo. Ukumbi wetu ni mdogo kuliko idadi yetu, na siku ya kura kubwa viti havitoshi. Anayetaka kiti huja asubuhi yeye mwenyewe, huchukua kadi ya sala, huandika jina lake na kuiweka pale anapotaka kukaa. Mchana lazima arudi, asimame penye kadi yake wakati Kasisi wa Bunge anaposali. Asiyesali hana kiti. Mawaziri hawahangaiki na hayo, kwa sababu benchi lao la mbele huwangojea. Kwa hiyo Askwith alikuwa hajaonekana kwenye sala tangu alipoacha kuwa kijana. Na tangu arudi kwetu, siku za kawaida watu walimwachia kiti cha pembeni karibu na njia, kwa adabu tu. Yeye alidhani ni sheria.

"Kiti changu kinajulikana," alisema.

"Si chako. Watu wanakustahi. Kesho watu watajaa, hiyo stahi itaisha kabla ya saa ya chai."

"Unahangaika kama kuku anayetaka kutaga."

"Njoo asubuhi, Rowland."

"Sawa, sawa, mama mkwe."

Asubuhi nilikuwa miongoni mwa wa kwanza. Niliweka kadi yangu mahali pangu, safu ya tatu, nikaenda kuangalia kile kiti cha pembeni. Kilikuwa tayari na kadi ya Kanali Pomfret, mbunge mwenzetu, na viti jirani navyo vilikuwa vimeshikwa. Hata hivyo kilibaki kimoja kizuri nyuma yake. Nikaenda kwenye simu. Alipokea mkewe, Cecily.

"Shemeji, yuko bafuni."

"Mtoe."

"Anaimba."

"Shemeji, mwambie Pomfret amekalia kiti chake. Kimebaki kimoja. Aje sasa hivi."

Nilisikia akipaza sauti kuelekea ndani, kisha maji, kisha sauti nene ikijibu jambo refu. Cecily akarudi. "Anasema Pomfret ni mtu mwungwana, akimwona atasimama."

"Pomfret alifukuzwa uwaziri mbele ya watu wote, na Rowland huyo huyo. Atasimama kwa lipi?"

"Hayo nimemwambia. Anasema hiyo ilikuwa siasa. Shemeji, nimeishi na huyu bwana miaka mingi. Juzi amesimama kando ya teksi anangoja afunguliwe mlango, dereva naye anangoja aingie, mpaka dereva akaenda zake. Nimelia kwa kicheko, lakini sasa nimechoka kucheka. Nitamvuta. Sikuahidi kitu."

Nilirudi ukumbini nikasimama mbele ya kile kiti kilichobaki. Kadi tupu ninayo mkononi, kalamu ninayo. Ningeandika Askwith, nikaiweka, na bawabu angejifanya anatazama dari. Lakini ile ni kadi ya sala. Inasema kwamba mtu huyu yuko hapa na atasimama hapa mbele za Mungu, na mtu mwenyewe yuko majini anaimba. Nikairudisha kadi. Kabla sijafika mlangoni, mbunge mmoja wa Kent alikuwa ameweka ya kwake. Nilijiuliza kama dhamiri yangu ilikuwa imemwuza mjukuu wangu.

Mchana ulifika, Askwith hakufika. Spika aliingia na msafara wake, milango ikafungwa, Kasisi akasoma zaburi. Kisha, kama desturi yetu ilivyo, tuligeuka tukaukabili ukuta, kila mtu na migongo ya wenzake nyuma. Mimi kwa miaka yangu yote mle nimesali vizuri nikiutazama ukuta ule, kwa kuwa ukuta haumkonyezi mtu. Siku ile nilisali vibaya. Nilisema, Bwana, ulainishe moyo wake. Kama hilo ni kubwa, umwondolee kiburi cha leo tu. Kama na hilo ni kubwa, basi mpatie teksi. Nilipofika hapo nikatambua kwamba sisali, ninanung'unika mbele ya mwenye enzi, nikaomba msamaha, nikaendelea kunung'unika.

Milango ilipofunguliwa watu waliingia kama maji. Walikaa kwenye ngazi, walijibana kwenye njia, walijazana kule mlangoni nyuma ya mstari uliochorwa sakafuni. Aliye nyuma ya mstari ule hahesabiwi kuwa yumo ukumbini, na haruhusiwi kusema neno. Maswali ya siku yakaulizwa. Waziri akasimama kuutetea muswada, akazungumza kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Alipokuwa anamaliza, nikamwona Askwith.

Alikuja na ule mwendo wake wa mtu anayeamini njia itajifungua. Ilijifungua kidogo, kwa mazoea. Akafika kwenye kiti cha pembeni, akasimama mbele ya Kanali Pomfret. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Pomfret, umekaa kwangu."

"Nimekaa kwenye kadi yangu, Rowland."

"Mimi nilikuwa Waziri Mkuu miaka kumi na miwili."

"Nakumbuka sana. Ndiyo maana leo niliamka mapema."

Waliokuwa karibu walicheka kwa pua. Askwith alinyooka, akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Hakuna aliyesogea. Akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akavuka mstari, akasimama pamoja na makarani na wabunge wachelewaji. Nilimwona usoni, na nilichokiona kilinikasirisha kuliko yote. Alikuwa ameona nafuu. Alikuwa tayari anaitengeneza ile hadithi ya baadaye, kwamba alifika, alitaka kusema, wakamnyima kiti, nani wa kumlaumu. Hata alianza kuvaa kofia.

Nilisimama. Nikapenya miguu ya watu mpaka mlangoni, nikamshika mkono wa koti.

"Nenda kakae kwangu. Safu ya tatu."

"Na wewe?"

"Nitasimama hapa."

"Si Spika amekuweka kwenye wasemaji? Wa nne, nimesikia."

"Ndiyo. Nitamwandikia sasa hivi kwamba nafasi yangu nimekupa wewe."

"Utasemaje ukiwa nyuma ya mstari?"

"Sitasema, Rowland. Utasema wewe."

Nisijisifu hapa. Haukuwa upendo wa Mkristo. Nilikuwa na hotuba mfukoni niliyoihangaikia wiki nyingi, Hester akinisahihisha jikoni, lakini nilijua hotuba yangu haingegeuza kura hata moja, kila mtu alijua nitakachosema. Nilimsukuma kama unavyomsukuma ng'ombe asiyetaka kuingia zizini. Akaenda. Alipofika aligeuka akanong'ona kwa sauti ya kusikika safu tano, "Hapa pana upepo."

Spika akasoma karatasi yangu, akanitazama, akatazama safu ya tatu, na zamu ilipofika akaita, "Bwana Rowland Askwith."

Mungu alimpa mtu yule sauti, hilo siwezi kulikana. Ilianza chini, ikapanda taratibu, na watu waliomwondoa kwa mikono yao walijikuta wameinama mbele kumsikiliza. Akaeleza alivyoingia Bungeni akiwa kijana na koti moja. Akaeleza hospitali alizozijenga. Akaeleza usiku wa pauni, na jinsi mwenyekiti wa benki alivyolia kwenye leso yake. Watu wakacheka alipotaka wacheke. Mimi mlangoni nilikuwa nahesabu sentensi. Neno letu halikuwamo. Wodi ya wazazi aliitaja mara moja tu, kama mtu anayetaja kituo ambacho treni yake haisimami.

"Na sasa," akasema, "nimtazame mheshimiwa aliyerithi kiti changu."

Nilimpungia mkono aache, hakunitazama.

"Nilimwachia nyumba yenye paa, Mheshimiwa Spika. Naambiwa ameanza kuuza vigae."

Ukumbi ukapasuka. Wapinzani walipiga mapaja yao. Lathom alitabasamu kwa meno ya mbele tu. Nami niliwatazama wale ishirini wetu. Mmoja akakunja mikono. Mwingine, mtu mwema wa Cumbria aliyekuwa ameniahidi kura yake siku ile ile asubuhi, alinitazama akatikisa kichwa polepole, kama anayepita mbele ya jeneza. Nilitaka kupiga kelele. Nilikuwa nyuma ya mstari. Nikakohoa, na bawabu akajiwekea kidole mdomoni, kuninyamazisha kama mtoto.

Askwith akaendelea na vigae. Alikuwa amefika kwenye milango na madirisha ya nyumba hiyo ya Lathom wakati Morag Rennie alipoinuka mahali pake.

"Mheshimiwa ataniruhusu niulize?"

Askwith hakuwahi kumkatalia mtu swali. Kuwaponda waulizaji ilikuwa starehe yake, kama wengine wanavyopenda kuvua samaki. Akakaa, akamwashiria kwa mkono aendelee.

"Nashukuru," Rennie alisema. "Swali langu fupi. Mpango wa kuzifunga wodi hizi ulitiwa saini na nani? Na huyo aliyetia saini, kabla hajatia, alizungumza na mama gani wa Skelbrough?"

Hakuna aliyecheka. Askwith akainuka. Mimi majibu yake nayajua yote. Lile la hali imebadilika. Lile la kwamba swali ni zuri lakini si lenyewe. Lile la ripoti ya wataalamu. Nilimwona akilichagua.

"Hali ya wakati ule," alianza, "ilikuwa..."

Akasita. Akanitazama kule mlangoni. Watu baadaye waliniuliza nilimfanyia ishara gani, kama nilikuwa ninasali. Sikuwa ninasali. Nilikuwa nimemkodolea macho kama baba aliyemkuta mwanawe juu ya mti wa jirani.

"Mimi," alisema. "Saini ni yangu."

Sauti ilikuwa tofauti, haikuwa na mapambo.

"Mama wa Skelbrough sikuzungumza na hata mmoja. Skelbrough kwenyewe sijafika. Mheshimiwa aliyesimama pale mlangoni, aliyenipisha kiti chake, amenialika kwao kila mwaka tangu tulipokuwa vijana, nami kila mwaka nimemwambia mwakani. Ile barabara ya mlimani niliiona kwenye ramani. Kwenye ramani ni fupi sana."

Alishika mgongo wa benchi la mbele yake. Nilidhani atakaa bila kulisema. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa tena, kwa mara ya sijui ngapi siku ile.

"Nilikosea," akasema. Lilitoka kama mwiba wa samaki unavyotoka kooni.

Mtu yeyote mwenye busara angekaa chini wakati ule. Askwith akavuta pumzi, akainua kidole. "Lakini huyu Lathom naye..."

Hakumaliza. Kicheko kilitoka pande zote mbili kwa pamoja, kicheko kikubwa cha watu waliokuwa wamebana pumzi, kikamfunika kabisa. Alijaribu mara mbili, hakusikika, akakaa. Namshukuru Mungu kwa kicheko kile kuliko zaburi nyingi nilizosikia mle ndani.

Kengele za kura zililia jioni. Kwetu mtu hupiga kura kwa miguu yake, wanaokubali hupita ukumbi mmoja wa pembeni, wanaokataa mwingine, na wahesabu husimama milangoni. Nilimshika Askwith mkono mpaka ndani ya ukumbi wa wanaokataa, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imeanza kwenda ule wa Serikali kwa mazoea. Rennie aliingia nyuma yetu, na nyuma yake wenzake, mmoja mmoja, wakikohoa kidogo na kutazama viatu. Yule wa Cumbria aliponipita alisema tu, "Ilibaki kidogo, mzee."

Tulishinda kwa kura tatu. Wodi zikabaki wazi. Nilitoka nikampigia Hester, nikasikia tu anavuta kiti akae.

Nilimkuta Askwith kwenye chumba cha chai, amezungukwa na watu. Walipopungua nikakaa mbele yake. Nilikuwa nimeandaa maneno ya shukrani, ya kweli kabisa, na nilikuwa nimeyasali.

"Umeniona?" akauliza kabla sijafungua mdomo.

"Nimekuona."

"Ile ya vigae imewavunja mbavu."

"Ile ya vigae nusura ituzike, Rowland."

"Hotuba bila kigae ni mahubiri. Usichukie, mahubiri yako nayapenda." Akasogeza sahani yake. "Lile benchi lenu lina upepo, sijui unakaaje pale. Sasa sikiliza. Nadhani watu wa kwenu watataka nije niifungue ile wodi."

"Haikufungwa. Huwezi kufungua kitu ambacho hakikufungwa."

"Basi kibao kidogo ukutani. Jina na tarehe tu."

"Hakuna kibao."

"Hata cha mbao?"

Yale maneno ya shukrani niliyameza na chai. Nilimtazama, na hasira yangu yote ilikuwa bado ipo, nzima, haijapungua hata tone, na pamoja nayo nilitaka kumbusu yule mzee kipara.

"Njoo tu," nikasema. "Bila kibao. Hester atajifungua Januari. Njoo umwone mtoto, ulale kwangu, Jumapili twende kanisani."

"Januari?" Akashusha kikombe. "Bwana wee, Januari kule si kuna theluji? Nitapitaje?"

Alikaa na lile swali lake, kisu cha siagi kikiwa hewani, na nikaona likimfikia pole pole. Nikamsogezea mkate, tukala.